Mgongo wa Mkwe

Katika soko la Bariadi, Milembe Ngassa alijulikana kwa mdomo wake. Aliuza michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, choroko na dengu, na mteja aliyefika kupapasa-papasa bidhaa bila kununua aliondoka na neno la kumsindikiza. "Hiyo michembe si shingo ya mkeo, iache ipumzike," alimwambia mwanamume mmoja, na meza zote za jirani zikacheka. Lakini jioni, akishafika kwake mtaa wa Malambo na kuvua viatu mlangoni, sauti yake ilishuka. Nyumbani alikuwamo baba mkwe.

Mzee Mboje alikuwa amehamia kwa mwanawe Joakim, mume wa Milembe, akitokea Mwamapalala. Alikuja na begi moja, fimbo, na ugonjwa uliochelewa kupewa jina lake. Alikuwa akikojoa damu. Kwake hilo halikuwa jambo geni. Utotoni alichunga ng'ombe kandokando ya malambo, ujanani alilima mpunga maji yakimfika magotini, na wavulana wengi wa rika lake walikojoa damu. Wapo walioona kuwa ni dalili ya kukua. Kwa hiyo damu iliporudi uzeeni, alisema kichocho kimemkumbuka rafiki yake. Akameza vidonge. Damu ikapungua, ikarudi. Akameza tena. Hadi anakubali kupelekwa hospitali, saratani ilikuwa imekula ukuta wa kibofu na kutokea upande wa pili, ikabana njia za mkojo. Figo ya kushoto ilikuwa imekwisha kufa. Ya kulia ilikuwa inaelekea huko.

Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa, madaktari walipitisha mrija mwembamba mgongoni, chini ya mbavu, hadi ndani ya figo hiyo iliyobaki. Mkojo ukawa unatoka kwa mrija na kuingia kwenye mfuko uliofungwa pajani. Figo ikapata nafuu, na kwa nafuu hiyo mzee akaanzishiwa kemo, ile dawa ya saratani inayoingizwa kwa dripu. Daktari hakuwaficha. Dawa haitaiondoa saratani, alisema, ila inaweza kuichelewesha. Na yote hayo yananing'inia kwenye mrija. Ukiziba, figo itakufa. Figo ikifa, hakuna kemo. Na homa yoyote, hata ndogo, mgonjwa aletwe hospitali siku hiyohiyo.

Muuguzi alipoanza kuwafundisha namna ya kuutunza mrija, alimwambia mzee apandishe shati. Milembe akatoka nje.

Hakuna aliyemfukuza. Tangu aolewe hakuwahi kumpa mkono mzee huyu, wala kula naye chungu kimoja, wala kupita nyuma ya kiti alichokalia. Haikuwa chuki, ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, na yeye aliipenda kwa sababu ilimfanya awe mtu katika nyumba ya watu. Muuguzi aliuliza nani hasa anashinda na mgonjwa nyumbani. Joakim akajibu haraka kwamba kazi hiyo ni yake. Akafundishwa yeye. Milembe alibaki koridoni akisoma bango la kunawa mikono, mpaka akalikariri.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Joakim alibadilisha bandeji, alikagua mrija, alimpeleka baba yake Mwanza kwenye kemo na kumrudisha akiwa amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Milembe alipika uji wa ulezi, akasaga karanga, akaweka chakula kizingitini mwa chumba cha mzee, akapiga makofi kidogo, akaondoka. Alijua habari za mkwe wake kwa vitu vilivyotoka chumbani: bakuli lililorudi tupu, bakuli lililorudi limejaa, ndoo ndogo ambayo mzee alimwagia mkojo wa mfuko na kuipeleka mwenyewe chooni kila alfajiri, kisha akaisuuza na kuiinamisha kando ya ukuta.

Halafu msimu wa pamba ukafunguliwa. Joakim alikuwa dereva wa lori, na msimu huo ndio uliowalisha mwaka mzima. Akaanza kulala njiani, akikusanya marobota kwenye maghala ya vijiji na kuyashusha kwenye kiwanda cha kuchambulia.

Asubuhi moja Milembe alikuta ndoo ukutani imekauka. Hakujali sana, labda mzee amechelewa kuamka. Alipoweka uji, mzee aliitikia salamu yake kwa sauti nzuri tu. Bakuli likarudi limejaa. Mchana mzee akatoka kuota jua, amevaa koti lake la kanisani na kulifunga vifungo vyote. Jua la Bariadi wakati huo lilikuwa linapasua midomo. Milembe, akichambua choroko upande wa pili wa ua, aliinua macho kwa wizi. Kikombe cha maji mkononi mwa mzee kilikuwa kinatikisika.

Hakwenda sokoni. Alizunguka nyuma ya nyumba, akampigia mume wake. Joakim alikuwa Meatu, lori likiwa limepakiwa nusu. Alimwambia asubiri, akampigia baba yake, kisha akampigia yeye tena.

"Baba amesema ni mzima," alisema. "Amenitania kabisa."

"Baba yako amevaa koti juani na anatetemeka."

"Huenda ni uchovu wa dawa."

"Joakim, hajamwaga mfuko tangu jana."

"Umejuaje?"

"Ndoo ni kavu."

Joakim akasema angefika kesho. Akasema asimsumbue mzee, amwombe Sadick wa dukani aingie amwangalie. Milembe alisikia hofu kwenye sauti yake, na chini ya hofu hiyo akasikia kitu kingine: Joakim hakutaka kuwa yeye atakayemwambia mkewe aingie.

Sadick alikuwa na duka ng'ambo ya barabara, na yeye na Mzee Mboje walitaniana tangu siku ya kwanza. Alivuka, akaingia chumbani, na Milembe akasikia kicheko. Mzee alikuwa akimuuliza kama amekuja kumhesabu mbavu, maana yeye si mbuzi wa Idi. Sadick akatoka anatabasamu.

"Mzee yuko vizuri, shemeji. Ananitukana."

"Mfuko umeuona?"

"Amejifunika blanketi."

"Ulimgusa?"

"Nimguse vipi mtu anayecheka?"

Milembe akamshukuru, akamwomba asiende mbali na kirikuu chake, lile gari dogo alilobebea bidhaa. Kisha akapanda bodaboda kumfuata Shangazi Salu, dada wa mzee, aliyeishi upande mwingine wa mji. Njiani maneno ya daktari yalimrudia moja baada ya jingine: homa, siku hiyohiyo. Mzee asingekubali kwenda hospitali. Angecheka na kila mtu mpaka aanguke.

Salu alikuwa mwanamke mkavu, macho yake yamefunikwa na ukungu, ulimi wake hauna ukungu hata kidogo. Alisikiliza habari yote na swali lake la kwanza lilikuwa kama Milembe ameingia chumbani.

"Sijaingia."

"Vizuri. Mkwe haoni mgongo wa mkwe. Bora hata ugonjwa, una dawa. Aibu haina."

Lakini alikuja. Aliingia peke yake kwa kaka yake, na alipotoka hakuwa Salu yule. Alisimama mlangoni akijifuta viganja kwenye kitenge, kana kwamba ameshika chungu cha moto.

"Anawaka," alisema. "Nimeuliza mrija, amenisukuma mkono. Nimepapasa, sioni. Macho haya hayafai kitu."

Ndani mzee alikohoa, na kikohozi kikaishia kwenye mguno ambao hakutaka usikike.

"Shangazi," alisema Milembe, "figo ni moja."

Salu akafungua kitenge cha pili alichojitanda, akakikung'uta. Alisema angesimama katikati. Angemfunika kaka yake chote, angeacha upana wa kiganja tu, pale mrija ulipo. Milembe aangalie hapo na asiangalie pengine. Akatangulia kuingia.

Milembe alinawa. Alinawa kama bango la koridoni lilivyosema: kati ya vidole, chini ya kucha, hadi kwenye kifundo. Akasimama kizingitini, mahali ambapo kwa miezi yote hiyo aliishia.

Mzee Mboje alimwona. Uso wake uliochongoka ukabadilika rangi.

"Ng'wana Ngassa, rudi," alisema. Hakumwita hivyo kwa ukali. Alimwita mtoto wa Ngassa, mtoto wa watu, kama anayemkumbusha alikotoka na alivyolelewa. "Rudi, mwanangu. Joakim anakuja kesho."

Miguu ya Milembe ilitaka kutii. Salu ndiye aliyesema, huku amekishika kitenge kwa mikono miwili.

"Mboje, ukifa leo, wanaume wa mtaa huu watakuvua nguo na kukuosha, na hutamfukuza hata mmoja. Utabaki na aibu gani ya kulinda? Geuka."

Mzee akageuza uso wake ukutani, pole pole, na mgongo ukaja.

Salu akakitandaza kitenge. Milembe akapiga magoti.

Kwenye ule upana wa kiganja, ngozi ilikuwa nyekundu na imevimba. Bandeji ilikuwa imelowa. Aliufuata mrija kwa macho, kisha kwa vidole, kutoka mgongoni kuja kiunoni, na hapo kiunoni akakuta kitu ambacho hakukitarajia: utepe wa kitambaa cheusi cha kaniki, umefungwa fundo. Mrija ulikuwa umekunjwa mara mbili na kufungwa kwenye mkanda kwa utepe huo, ili mfuko upande juu na kujificha chini ya shati.

Alielewa mara moja. Mzee alikuwa akiufunga hivyo kila aliposikia makofi yake kizingitini. Uji unapowekwa, mfuko unafichwa, mkwe asiuone. Makofi ya heshima asubuhi, mchana na jioni. Na kila makofi yalipolia, mkono wa mzee ulikwenda kwenye utepe. Siku Joakim alipokuwapo, mzee aliufungua mapema, na mwanawe aliukuta mrija umenyooka. Joakim alipoondoka, kunyoosha kukasahaulika, au vidole vikashindwa.

Alifungua fundo. Kaniki ilikuwa imelowa na kukaza, akatumia kucha. Mrija ukanyooka, ukabaki na kovu pale ulipokunjika. Akaushusha mfuko chini ya kitanda.

Hakikutoka kitu.

Salu akauliza nini kinaendelea. Milembe akampigia Joakim, akaiweka simu sakafuni ikiwa na sauti kubwa, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile aliongea mbele ya mkwe wake kwa sauti ya sokoni.

"Nimeufungua. Ulikunjwa. Hautoi. Niambie muuguzi alisema nini."

Joakim alikuwa akikimbia. Alisikika akihema, na nyuma yake wapakiaji wakiitana. Akasema usiuvute. Usivute hata kidogo. Akasema ausugue kwa vidole pale ulipokunjika, taratibu, kuelekea kwenye mfuko, si kuelekea mgongoni. Kisha mtandao ukamkata.

Milembe alisugua. Mrija ulikuwa laini na vuguvugu, kama utumbo wa kuku. Alisugua akisema moyoni sala ambayo haikuwa na maneno yote. Mzee alikuwa ameng'ata shuka. Kitenge mikononi mwa Salu kilianza kushuka kwa uchovu, Salu akakiinua tena.

Kikatoka kipande kidogo cheusi, kama ganda la choroko. Nyuma yake tone. Halafu uzi mwembamba wa majimaji mazito, rangi ya maji ya lambo baada ya ng'ombe kunywa, yenye harufu iliyomfanya Salu ageuze kichwa. Yakaendelea kuja. Mfuko ukaanza kupata uzito.

Mzee aliachia pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo barabarani. Walipomwambia sasa ni hospitali, hakucheka na hakubisha. Sadick alimbeba mgongoni hadi kwenye kirikuu, na safari hii hakuna aliyemtania mwenzake.

Hospitali ya mkoa ilimpokea na kumlaza. Daktari kijana alisema wadudu walikuwa wameanza kupanda kwenye damu. Kwa mwili uliochoshwa na kemo, usiku mmoja zaidi ungeweza kuwa mwingi. Wakamtundikia dripu za dawa, wakausafisha mrija, wakapiga simu Mwanza. Kemo ikasogezwa mbele mpaka homa iishe. Muuguzi wa wodi alipouliza amfundishe nani, Joakim alikuwa bado hajafika, na Milembe alikuwa amesimama pale na mikono iliyokwisha kunawa. Akafundishwa, mzee akiwa amefumba macho.

Waliporudi nyumbani, ndipo hali ikawa ngumu kwa namna nyingine.

Mzee Mboje aliacha kabisa kusema na Milembe. Milembe alibadilisha bandeji, Salu akija kusimama na kitenge, na mzee alitazama ukuta mwanzo hadi mwisho. Alikula tu kama nyumba imetulia na Milembe ametoka. Alikonda. Joakim alimshukuru mkewe gizani, kwa kunong'ona. Mchana, mbele ya baba yake, hakujua aweke wapi macho yake. Na msimu ulikuwa haujaisha. Akarudi njiani.

Habari zilifika Mwamapalala kabla mgonjwa hajapata nguvu ya kutembea. Zilifika zimeota pembe. Ilisemwa kwamba mke wa Joakim amemvua nguo baba mkwe, tena mbele ya mwenye duka. Ndipo akaja Ngeleja, binamu wa mzee, mtu anayesikilizwa kwenye ukoo. Alikuja siku ambayo Joakim alikuwa safarini, na Salu kaenda kwenye maombi. Milembe alimpokea, akampigia goti na kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," akampa kiti barazani karibu na mzee na kikombe cha maji, kisha akajiondoa hadi uani kuosha vyombo, umbali ambao mtu hasikilizi lakini anasikia.

Ngeleja hakuwa mtu mbaya. Alianza na mvua, akapita kwenye bei ya pamba, akaulizia maumivu. Kisha akasema alichotumwa. Wazee wamekaa. Wanajua mwanamke alikuwa na nia njema. Lakini jambo limetokea, na jambo kama hili halikai hivihivi. Wanashauri arudi kwao Kalemela kwa muda, wazee wa pande zote mbili wakutane, atafutwe beberu wa kuchinjwa kuisafisha aibu, jambo litengenezwe. Joakim ataambiwa. Mgonjwa atatafutiwa kijana wa kiume kutoka nyumbani wa kumtunza.

Milembe aliacha kuosha. Alikuwa ameshika sufuria, maji yanachuruzika. Hakuogopa kurudi Kalemela. Ni kwao, kuna mama yake na upepo wa ziwani. Aliwaza mrija. Aliwaza kijana atakayetoka Mwamapalala, ambaye hajaona bango la kunawa mikono wala ngozi ikiwa nyekundu, na siku ngapi zingepita kabla ndoo haijakauka tena. Akajua hawezi kusema neno. Yule wa kusema alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa amesema naye tangu siku ile.

Mzee Mboje alikuwa amekaa na mikono juu ya fimbo. Alisikiliza hadi mwisho. Kuku akapita barazani, akadonoa, akaenda zake.

"Ng'wana Ngassa," aliita mzee.

Milembe hakuamini kuwa ni yeye anayeitwa.

"Ng'wana Ngassa. Njoo. Mrija huu siuelewi tangu asubuhi."

Alikuja na mikono ya sabuni. Akageuka, akarudi kunawa kwa maji safi, hadi kwenye kifundo, akaja tena. Mzee alikuwa amekwisha kuvua shati. Si kulipandisha, amelivua na kulitundika kwenye fimbo, na mgongo wake wote, na mifupa yake yote, ulikuwa barazani mwangani. Ngeleja akafanya kuinuka.

"Kaa, ndugu yangu," alisema mzee. "Hujamaliza maji yako."

Ngeleja akakaa. Aliangalia barabarani, kwa Sadick, kwenye paa, kisha mahali pa kuangalia pakamwishia, akaangalia vidole vya Milembe.

Milembe alipiga magoti nyuma ya kiti cha mkwe wake. Aligusa kingo za bandeji: kavu. Ngozi: imepoa. Aliufuata mrija kutoka mgongoni hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi pajani, akitafuta mkunjo, akitafuta ganda, akitafuta kosa lolote. Mkojo ulikuwa unashuka vizuri, rangi ya chai nyepesi. Mfuko ulikuwa mahali pake. Hapakuwa na kitu.

"Uko sawa, baba," alisema kwa sauti ya chini.

Mzee Mboje hakugeuka. Alikuwa anamtazama Ngeleja.

"Angalia tena," alisema.